Kompyuta Inayolala Baina ya Maneno

Rovu la mama mkwe wangu, ule uvimbe wa shingoni, lilikuwa kubwa kiasi cha ngumi ya mtoto, na kwa miaka mingi alilifunika kwa ukingo wa mtandio hata sisi wa nyumbani tukalizoea. Alikuwa mkulima wa mwani huko Uroa, na mambo ya hospitali hakuyapenda. Lakini ilifika siku akawa hawezi kulala chali bila ya kukabwa na pumzi. Mume wangu, ambaye anafanya kazi katika hoteli huko Kendwa, akaomba ruhusa, akamfuata, akamleta kwetu mjini. Sisi tunakaa ghorofa ya pili ya nyumba kongwe katika Mji Mkongwe, na uchochoro wetu ni mwembamba hata jirani wa upande wa pili tukiombana chumvi tunapeana dirishani.

Daktari alimpima, akasema uvimbe lazima utolewe. Kisha akaongeza neno jingine, kwa upole, huku akitutazama sisi zaidi kuliko yeye. Mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita nyuma ya tezi ya shingo, hiyo hiyo iliyovimba. Angefanya kila awezalo kuuhifadhi, lakini hakutaka tushituke baada ya operesheni iwapo mama ataamka na sauti nyingine, au sauti ndogo, au bila ya sauti kwa muda.

Tuliporudi nyumbani mama mkwe alikaa kitako juu ya mkeka, akavua kanga ya juu, akaikunja.

"Mie sauti yangu ndiyo iliyonilelea watoto," akasema. Basi.

Sisi sote tulijua anakusudia nini. Maji yakitoka wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hukupwa mpaka mbali, wanawake wa mwani huenda mbali sana, mpaka ukisimama ufukweni unawaona kama vidoa. Huko huinama juu ya kamba zao za mwani, na anayeinama hatazami bahari. Maji yakigeuka lazima awepo mtu wa kuwaita. Kwa miaka yote niliyomjua, mtu huyo alikuwa yeye. Hakuchaguliwa na yeyote. Ni kwamba tu sauti yake ilikuwa inafika.

Mume wangu ilibidi arudi Kendwa siku ya pili. Mlangoni, mkoba begani, alinigeukia.

"Mrekodi," akanambia. "Kila kitu. Mrekodi hata akigomba."

Kazi hiyo iliniangukia mimi kwa sababu nilikuwa na vyombo. Nnafundisha Kiswahili kwa wageni kupitia mtandao, na nilikuwa na laptopu, kuukuu lakini nzima, na kimaikrofoni cha kubana kwenye nguo kinachochomekwa ubavuni mwake. Simu nilijaribu mwanzo. Simu yangu ina tabia ya kujifanya inajua: mtu akinong'ona inadhani ni kelele, inamkata. Na mama mkwe ni mtu wa kunong'ona anapofika kwenye utamu wa maneno.

Basi nikambana maikrofoni kwenye mtandio, nikamwomba aanze na chochote. Alianza na Alhamdu, akafuatisha dua fupi za watoto wake, mmoja mmoja. Halafu akanielekeza namna ya kumpiga pweza kabla ya kumpika, akanisema kwamba mimi humpika hajalainika. Tulicheka sana. Tulipokwisha nikavaa visikilizio ili nisikilize tulichokipata.

Maneno yalikuwa safi. Lakini kila aliponyamaza, kilikuja kijisauti. Tsi, tsi, tsi, tsiii. Kilikuwa chembamba, kama mdudu anayetafuna karatasi ndani ya kabati. Akianza kusema, mdudu anafichika nyuma ya sauti. Akinyamaza, huyo.

Nilizima feni. Nikazima friji. Nikachomoa chaja. Nikahamia chumba cha ndani, nikafunga madirisha, na mama mkwe akanifuata kila mahali na maikrofoni yake kifuani, ananitazama ninavyohangaika.

"Labda ni tumbo langu," akasema.

Mdudu alibaki pale pale.

Wageni ninaowafundisha hawakuwahi kulalamika, kwa sababu ile programu tunayoongelea husafisha sauti yenyewe. Nikadhani hilo ndilo jibu. Alasiri alipokuja wifi yangu, yaani dada mdogo wa mume wangu, nikamwomba anisafishie rekodi. Yeye ni fundi wa kompyuta, anafanya kazi katika ofisi moja mjini na anakaa Kwerekwe, na siku zile alikuwa akipita kwetu kila akitoka kazini ili amwone mama yake. Alikaa na kompyuta kwa muda mfupi tu, akapitisha programu ya kusafishia, na kweli mdudu akatoweka. Tukamvalisha mama mkwe visikilizio ajisikilize.

Alisikiliza kwa makini, kichwa ameinamisha. Akavua visikilizio, akavirudisha mkononi mwa binti yake.

"Huyo si mie," akasema. "Huyo hapumui."

Nilisikiliza tena, na nikaona amesema kweli. Baina ya sentensi na sentensi mama mkwe humeza mate, huguna, huvuta pumzi kidogo ya puani pale anapokaribia kucheka. Programu ilikuwa imevikomba vyote pamoja na mdudu. Pamebaki shimo jeusi, halafu neno, halafu shimo. Wifi aliifuta ile rekodi iliyosafishwa.

Siku zilizofuata tuliendelea kurekodi hivyo hivyo, na mdudu wake, kwa sababu hatukuwa na njia nyingine. Ndipo likatokea jambo ambalo sikulitafuta. Asubuhi moja, wakati mama mkwe anasimulia jinsi wanawake wa kijiji chake walivyoanza kulima mwani, na wanaume walivyowacheka mpaka walipoona nyumba zinaezuliwa makuti na kuezekwa mabati, nilikuwa nimeiachia kompyuta kazi nyingine kwa nyuma: kunakili taratibu video ndefu ya harusi ya jamaa kwenye flashi. Niliposikiliza rekodi ya asubuhi ile, mdudu hakuwemo. Palipokuwa kimya palikuwa kimya. Nilimsikia mama mkwe akipumua kama kwamba amelaza kichwa begani kwangu.

Nilimhadithia wifi alasiri ile. Alikuwa na andazi mkononi, akaliweka kwenye sahani.

"Hebu sema tena, wifi. Wakati inahangaika na video, kelele haikuwepo?"

"Haikuwepo."

"Na ikiwa haina kazi ndo inalia?"

"Ndo inalia."

Akacheka, akajipiga kwenye paja. "Jamani! Mie nnatafuta ugonjwa kwenye maikrofoni. Kumbe inalia ikilala."

"Nani amelala?" mama mkwe akauliza kutoka mkekani.

"Prosesa, Mama. Ule ubongo wake."

Nilimwambia wifi kwamba haiwezekani. Kompyuta iko wazi, inarekodi, skrini inawaka, mistari ya sauti inacheza. Imelalaje? Kwa miaka yote niliyoitumia nilidhani kompyuta ikiwashwa imewashwa, kama taa.

Wifi hakujibu. Aliivuta kompyuta magotini, akafungua lile dirisha jeusi ambalo mimi huliogopa, akaandika neno moja, na skrini ikajaa safu za tarakimu. Akatuita tusogee. Mama mkwe akajikokota mpaka akakaa baina yetu.

Prosesa ile ina viini vinne, kama bongo nne ndogo, wifi akatweleza, na kila safu ni kiini kimoja. Kila mstari ndani ya safu ni ngazi ya usingizi. Mstari wa juu ni kuwa macho. Wa pili ni kufumba macho tu, ukiguswa unaamka. Chini yake usingizi unazidi kuwa mzito: hapa anazima saa yake ya ndani, hapa anaacha alivyovishika, hapa chini kabisa umeme wenyewe unakatwa, kiini kinabaki kama jiwe. Na zile tarakimu ubavuni ni kiasi cha muda ambao kila kiini kimekaa katika kila ngazi tangu mara ya mwisho skrini ilipobadilika.

Nilizitazama. Mstari wa kuwa macho ulikuwa karibu na sifuri. Karibu muda wote viini vyote vinne vilikuwa chini kabisa, kwenye ule usingizi wa jiwe. Na huku mbele yangu saa ya pembeni ya skrini inakwenda, mshale unatii kidole changu.

"Andika," wifi akanambia. "Andika chochote."

Niliandika jina langu. Tarakimu zilitikisika kidogo, zikarudi pale pale.

"Baina ya herufi na herufi," wifi akasema, "alishalala tena. Umebonyeza, ameamka, ameiandika, hana kazi, amelala. Umebonyeza nyingine, ameamka. Kwa sekunde moja tu anaweza kulala na kuamka mara mamia. Wewe unaona amekesha nawe."

"Na kuamka kunamchukua muda gani?"

"Ukiikata sekunde moja vipande elfu, hata kipande kimoja hakijesha, ameshaamka."

Sijui nieleze vipi kilichonipata. Mimi si mtu wa mashine. Lakini nilihisi ubaridi mikononi, ule unaomjia mtu anaposikia adhana ya kwanza baada ya msiba. Niliinua mikono kutoka kwenye kibodi kwa sababu, nitasema kweli, niliona haya kuiamsha. Nilifikiri juu ya miaka yote niliyokaa mbele yake nikitafuta neno, kidole hewani, nikiamini kwamba inaningoja. Haikuwa inaningoja. Ilikuwa imezama mahali ambapo hata umeme haufiki, na kila nilipoigusa ilipanda kutoka huko kote na kunikuta kabla sijajua kwamba nimegusa.

"Subhanallah," mama mkwe akasema taratibu. Halafu akauliza, "Na huko chini inakumbuka vipi ilipoachia?"

"Kabla hajashuka chini kabisa," wifi akamjibu, "anaviweka vyote alivyokuwa navyo mahali, kwenye kijihifadhi kidogo humo humo ndani. Ndo umeme unakatwa. Akiamka anavikuta vile vile, anaendelea."

Mama mkwe alizitazama tarakimu zikibadilika. Mkono wake ulikuwa umeenda shingoni, juu ya rovu, na haukuondoka.

"Na mie," akasema, "wakinitia ile dawa ya usingizi. Ntavikuta vitu vyangu?"

Mimi na wifi tulitazamana. Wiki nzima tulikuwa tukimliwaza juu ya sauti, na kumbe usiku alikuwa anakesha kwa ajili ya jambo jingine kabisa.

"Mama," wifi akasema, "wewe si mashine."

"Nnajua mie si mashine. Nnauliza tu."

Wifi akaiweka kompyuta chini. Akamshika mama yake mkono, ule uliokuwa shingoni. "Sijui dawa ile inafanya nini ndani ya mtu, Mama, sikuisomea. Lakini nshawaona waliotiwa wakaamka na kuniuliza chai yao iko wapi. Kesho ntakwenda mwenyewe kumuuliza daktari, nije nikwambie sawasawa."

Na alikwenda. Alirudi na maelezo marefu, na mama mkwe akayasikiliza yote, akauliza maswali mawili matatu, na tangu siku ile nikawa namsikia akikoroma vizuri.

Lakini alasiri ile ile wifi alitaka kumfuata mdudu mpaka mwisho. Alisema prosesa kila inaposhuka usingizini na kupanda, umeme wake unapungua na kuongezeka, na vile vifaa vidogo vinavyougawa umeme hutetemeka. Mtetemeko huo ndio unaoingia kwenye waya wa maikrofoni. Kwa kompyuta nyingi hausikiki. Kwa yangu, kwa uzee wake au kwa ilivyotengenezwa, unasikika. Basi tukiizuia isilale, mdudu atatoka wapi?

Akaandika amri nyingine. Nilivaa visikilizio, na nikamsikia mdudu akikatika kama aliyezibwa mdomo. Nilitaka kupiga vigelegele. Tukambana mama mkwe maikrofoni, akaanza kisa, na kabla hajafika popote feni ya ndani ya kompyuta ikaanza kuvuma, vuuu, kama jiko la mafuta la pampu. Niligusa chini yake, pamoto. Kompyuta isiyolala hupata joto, na ikipata joto hujipepea, na sasa badala ya mdudu tukawa na upepo.

"Hata punda ungemwachia afumbe macho," mama mkwe akasema.

Wifi akasema hilo hasa ndilo la kufanya. Hakurudisha usingizi wote. Alizizuia zile ngazi za chini tu, za kukatwa umeme, akaiachia ile ya juu, ya kufumba macho. Tukangoja feni ipoe. Ilishuka, ikashuka, ikanyamaza. Nilisikiliza. Hapakuwa na mdudu wala upepo. Palikuwa na mama mkwe anameza mate, na mbali sana, nje, muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake.

Kwa vile hali hiyo ilikuwa inakula chaji, wifi hakutaka niiache hivyo siku zote. Aliniwekea alama mbili kwenye skrini, za kubonyeza tu. Moja aliiandika "Kesha," nyingine "Lala." Nikitaka kurekodi nibonyeze ya kwanza. Nikimaliza, ya pili. Nilizitumia kwa adabu. Mara nyingine, baada ya kubonyeza "Lala," nilifungua ule ukurasa wa tarakimu kwa ajili ya kutazama tu viini vinavyoteremka kimoja kimoja. Sikupata kuuchoka.

Tulirekodi mengi. Lakini kulikuwa na kitu kimoja alichokikataa kila siku nilipomwomba: ule wito wa kuwaita wenzake maji yakijaa.

"Humu ndani?" alikuwa akisema. "Huu si wito wa ndani, mkaza mwanangu. Watu watadhani pana moto."

Asubuhi ya mwisho kabla ya kwenda kulazwa, umeme ulikatika mtaa mzima. Nilikuwa nimekusudia kuichaji kompyuta baada ya chai, na betri yake ilikuwa imeshazeeka, kwa hiyo niliiona imebaki na chaji ndogo ya kusikitisha. Mama mkwe alishaoga na kufunga mkoba wake. Alikuwa amekaa dirishani. Akanigeukia, akasema, "Lete hicho kidude chako. Leo ntaita."

Nilimbana maikrofoni. Nikabonyeza "Kesha." Nilijua nikiiacha macho muda wote haitafika popote, na nikiiachia ilale mdudu ataingia kwenye kitu ambacho hakitarudiwa tena. Basi nikafanya nilivyoweza. Mama mkwe hakuita mara moja. Alikohoa, nikabonyeza "Lala." Akanywa maji. Akasema kwanza anieleze pwani yao ilivyo, mawe yalipo, mkondo unaingilia wapi. Nikabonyeza "Kesha," nikayapokea maneno. Akatulia kukumbuka, nikaiachia ilale. Nilikuwa namtazama yeye, si skrini. Nilijifunza kifua chake asubuhi ile: kinavyoinuka anapotaka kusema, na kinavyoinuka anapopumzika tu. Kila kilipoinuka kwa kusema, niliiamsha mashine, na kila mara ilikuwepo. Haikuchelewa hata silabi moja. Kuna watu wawili chumbani, nikafikiri, na hiki cha tatu sijui nikiite nini, na sote tunaisikiliza pumzi ya mtu mmoja.

Alama ya betri ilishageuka nyekundu. Mama mkwe akasimama. Akashika mbao za dirisha kwa mikono miwili, kifua kikainuka, nami nikabonyeza.

"Majiiii! Maji yanajaaaa! Tokeni, ee, tokeniii!"

Sikuwahi kuisikia sauti ile kwa karibu. Uroa nilikuwa nikiisikia kwa upepo, imechanganyika na mawimbi. Ndani ya uchochoro wa Mji Mkongwe, baina ya kuta zile nene, ilikwenda mpaka mwisho wa mtaa ikarudi. Kunguru waliruka kutoka mapaa yote. Madirisha yakafunguka. Jirani yetu wa ng'ambo alitokeza, unga wa ngano mpaka kwenye viwiko.

"Kuna nini, Bi mkubwa? Maji gani? Wapi?"

"Hakuna kitu, mwanangu," mama mkwe akamjibu. "Nnaaga."

Jirani akasimama pale pale na mikono yake ya unga. Kisha akasema, "Mungu akurejeshe salama," na hakufunga dirisha. Mimi nilihifadhi rekodi. Kompyuta ilizima baadaye kidogo, yenyewe.

Operesheni ilikwenda vizuri. Tulikaa nje siku ile, mimi, wifi na mume wangu aliyerudi kutoka Kendwa, mpaka tukaruhusiwa mmoja mmoja kuingia. Ilipofika zamu yangu alikuwa amelala, shingo imefungwa bendeji, uso umepungua. Muuguzi akamwinamia akamwita kwa upole. Hakujibu. Akamwita tena. Nilimwona akija. Sina neno jingine. Kwanza nyusi, halafu midomo, halafu kitu nyuma ya macho kikapanda kutoka mbali sana.

"Naam," akasema.

Haikuwa sauti. Ilikuwa pumzi tu yenye umbo la neno. Alinitazama, akanijua, akanyoosha mkono akanirekebishia mtandio wangu uliokuwa umeteleza. Nilitoka nje nikalia, na wifi aliponiona akadhani mabaya, mpaka nilipomshika nikamwambia, "Amevikuta. Vyote."

Kwa wiki nyingi alisema kwa kunong'ona. Baadaye sauti ikarudi, lakini si ile. Hii ni nzito zaidi, ya chini, ina mkwaruzo, na haipandi. Akijaribu kuiinua inapasuka. Rekodi ya wito aliisikiliza mara moja tu, nyumbani kwetu, kwa visikilizio. Alipomaliza alisema, "Nlikuwa napiga kelele sana," akatabasamu, akaenda kutia udhu. Pwani ya Uroa sasa anaita mwanamke mwingine, kijana zaidi, na mama mkwe anasema huyo naye sauti yake inafika, ila anachelewa kuanza.

Mwaka huu tulikwenda kumtembelea siku ya pili ya Idi. Nilikuwa na kompyuta mkobani kwa sababu ya darasa moja ambalo sikuweza kuliahirisha. Nilipomaliza, mama mkwe aliniomba nisiifunge. Akawaita wenzake waliokuwa uani wakichambua mchele, wanawake wanne watano, wote wa mwani, vidole vimechanika kwa kamba na chumvi. Akaniomba nifungue ule ukurasa wa tarakimu.

Niliufungua. Wakakaa kwa kuizunguka kompyuta, na mama mkwe akaanza kuwaeleza kwa sauti yake mpya. Huyu hapa amelala. Huyu naye. Mnaona wote wamelala? Gusa hapo, weye, gusa herufi moja. Umeona? Ameamka, amelala tena, na weye hata kidole hujakiinua.

Sauti yake ni ndogo sasa, kwa hiyo ilibidi wainame ili wamsikie, mpaka mitandio yao ikagusana. Mmoja alirudi kugusa herufi, safari hii taratibu, kwa ncha ya kidole. Mwingine alimuuliza mama mkwe, aliyeviweka vitu hivi humu ni binadamu, kweli?

"Ni binadamu," mama mkwe akasema. "Na aliyemuumba huyo binadamu, je?"

Mchele ulibaki kwenye nyungo. Walikaa hivyo wameinama, wanatazama zile safu nne zikiteremka na kupanda, na mimi sikuigusa tena kibodi.